Kisemeo cha Mikono Saba

Kila baada ya sekunde kumi na mbili, mikono ya chuma ya kiwanda cha Sautika, pale Makambako, ilimaliza kisemeo kimoja. Ilikuwa mikono kumi na sita katika kila mstari, myembamba kama miguu ya buibui. Ilichomelea nyuzi ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona, ikapachika betri ndogo kama punje ya ulezi, ikakunja ukanda wote ukawa mduara laini wa kuvaa shingoni. Kisha, kifaa kikiwa kimekamilika na hakihitaji chochote tena duniani, mkanda wa kukibeba ulisimama mbele ya wanawake saba walioketi kwenye benchi. Wa kwanza alikiokota, akampa wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Wa saba akakiweka chini ya Jicho la Forodha.

Basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kupokea na kupitisha.

Jicho la Forodha lilikuwa mashine ya serikali, imefungwa mnyororo sakafuni ili mtu asiiguse. Lilisoma jasho la vidole kwenye kifaa. Likikuta jasho la watu saba, raia, wenye namba zao, liligonga muhuri wa kijani, na kifaa hicho kikahesabika kuwa kimetengenezwa nchini. Likikuta sita, kilihesabika kuwa kimetoka ng'ambo, kikalipa ushuru wa forodha sawa na bei yake nzima. Watu waliiita sheria hiyo Sheria ya Mikono Saba. Ilitungwa baada ya roboti kuchukua mashamba ya chai, ya viazi na ya parachichi, nyanda zote za juu zikabaki na watu waliokaa vibarazani wakitazama mashine zikivuna. Vipande vya kisemeo vyote viliendelea kutoka ng'ambo. Ila sasa mistari thelathini ilikuwa na benchi thelathini, na wanawake mia mbili na kumi walikuwa wanakula.

Kwenye mstari wa kumi na moja, mkono wa kwanza ulikuwa wa Ezelina Mgaya, na wa saba ulikuwa wa Lustika, mtoto wa marehemu kaka yake.

Ezelina ndiye aliyeanzisha mchezo wa kuvisemesha. Wiki ya kwanza walipitisha vifaa kimya kimya, mpaka mikono yao ikawa kama si yao. Siku moja Ezelina akakiinua kisemeo, akakilaza kwenye kiganja namna wanawake wanavyompokea kichanga siku mama mzazi anapotoka nje, akakisalimu kwa salamu ya kwao, "Kamwene, mrembo wangu! Umekuja na baridi hii bila hata soksi?"

Benchi zima likacheka. Kutoka siku ile, kila kisemeo kikawa kichanga, na mchezo ukaenea mpaka benchi nyingine. Kwao mtoto mchanga hapokelewi kimya. Kila mwanamke anayempakata lazima amwachie neno, na asiyesema huulizwa ana kinyongo gani na mzazi. Basi Ezelina alikisalimu, wa pili akakionya, "Usiwe mbea," wa tatu akakiambia, "Ukiangukia kwa mlevi, jizime mwenyewe," na hivyo hivyo mpaka mwisho wa benchi.

Lustika alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hata kanisani aliimba kwa midomo tu bila sauti. Yeye alikisogeza karibu na kidevu na kunong'ona, "Nenda kamsemeshe mama wa mtu."

"Mama wa nani?" Ezelina alikuwa akimchokoza. "Sema kwa nguvu, binti! Vitatoka hapa vyote vinanong'ona, watu watadai hela zao."

Lakini Ezelina alijua ni mama wa nani. Yusta, mama yake Lustika, alikuwa muuza viazi kwenye kituo cha treni ya sumaku, na sauti yake ilijulikana kuliko kengele ya kituo. Aliita wateja, akawatania, akawagombeza walioshika viazi bila kununua. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimwangusha hapo hapo kituoni. Mguu ulirudi kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Sauti haikurudi kabisa. Alibaki na "e", ya njaa "e", ya furaha "e", ya hasira "e". Kila Jumapili Ezelina alivuka njia kuja kumsuka wifi yake, akampa habari zote za mji, na Yusta akajibu "e", na Ezelina akacheka mahali panapostahili kana kwamba amejibiwa maneno mia.

Kisemeo kilitengenezwa kwa ajili ya watu kama Yusta. Kilisikia mtikisiko mdogo wa misuli ya koo, kikafahamu neno ambalo mtu alitaka kulisema, kikalitamka kwa sauti yake ya zamani, iliyochukuliwa kwenye sauti yoyote aliyowahi kurekodiwa. Lustika alikuwa nayo. Kwenye simu yake alitunza dakika arobaini za mama yake akigombana na mfanyabiashara wa mbegu.

Tatizo lilikuwa bei. Kabla ya sheria, kisemeo cha ng'ambo kiliuzwa laki sita. Ushuru ulipowekwa, kikafika milioni moja na laki mbili. Watu walitegemea kile cha Makambako, kwa kuwa hakilipi ushuru, kingeuzwa laki sita ile ile. Kikauzwa milioni moja na laki moja.

"Lakini shangazi, kwa nini?" Lustika aliwahi kuuliza wakiwa kwenye chai ya saa nne. "Sisi tunacholipwa ni kidogo. Vipande ni vile vile. Hiyo laki tano ya juu inatoka wapi?"

"Mama yako alikuwa anauza viazi, si ndiyo? Gari la viazi vya Njombe likizuiwa barabarani, yeye aliuza kwa bei ya jana?"

Lustika akatabasamu. "Hapana."

"Basi na hawa wenye kiwanda ni wauza viazi. Gari la mwenzao limezuiwa." Ezelina alichovya kiazi kwenye chumvi. "Na sisi ndio tuliokaa katikati ya barabara kulizuia. Kula, chai inapoa."

Njia ilikuwa moja tu. Mfanyakazi aliyetimiza miaka mitatu aliruhusiwa kununua kifaa kimoja kwa nusu ya bei, kimoja tu katika utumishi wake wote. Lustika angetimiza mwezi wa nane. Na daktari wa zahanati alikuwa amemwambia wazi kwamba misuli ya koo la Yusta ilikuwa inalala taratibu. Ikifika mwisho wa mwaka hakutakuwa na mtikisiko wa kusikiwa na kifaa chochote, cha hapa wala cha ng'ambo.

Mwezi wa nane ulifika. Msimamizi akamruhusu achague kisemeo chake mwenyewe kwenye mkanda. Lustika aliacha vitatu vipite, kisha akasema kwa sauti ambayo hata yeye ilimshangaza, "Hicho."

Wanawake walikipokea kwa vigelegele. Ezelina alikibusu. "Kamwene, wifi yangu! Umetuchelewesha!" Kila mmoja alimpa Yusta salamu zake. Kilipofika kwa Lustika, alikishika kwa mikono miwili, mbele ya mdomo, muda mrefu kuliko sheria ya mstari ilivyoruhusu. "Mama, hujambo? Ni mimi. Nimekungoja. Sema chochote, hata unitukane. Nimekungoja." Nyuma yake mkanda ulipiga honi, na hakuna aliyemharakisha.

Mama yake alikivaa shingoni adhuhuri ile ile, kwenye kiti cha uani, penye jua. Lustika alishakipa zile dakika arobaini za ugomvi wa mbegu. Taa ndogo ikawa ya bluu. Yusta alifumba macho, koo lake likatikisika.

"Mama, hujambo?" kisemeo kikasema. "Ni mimi."

Ilikuwa sauti ya Lustika.

Yusta alifumbua macho. Akajaribu tena, na safari hii maneno yalikuwa yake, kwa maana yalikuwa ya kawaida kabisa. "Lustika, nipe maji." Lakini yalitoka kwa sauti ya binti yake, ya kunong'ona, na nyuma yake yakafuatia mengine ambayo hakuyataka, "Nimekungoja. Nimekungoja." Akatikisa kichwa. "Hii siyo," kikasema kwa sauti ya Lustika, kisha kikacheka kicheko cha Ezelina.

Yusta alikichomoa kwa mkono wake mzima na kukitupa mchangani. Alimtazama binti yake kama mtu aliyekuta mwingine amekaa ndani ya nyumba yake, amevaa nguo zake. "E," alisema. "E. E." Kisha akageuza uso ukutani, na siku tatu hakukubali hata kukiona.

Fundi wa dukani alikipima akatikisa kichwa. Alieleza kwamba kila kisemeo kina kumbukumbu ya mzizi. Sauti kinazozisikia kwanza baada ya betri kuingia, hizo ndizo zinazozama chini kabisa, ile ya karibu na ya muda mrefu ikizidi zote, na hazifutiki. Ndiyo maana sikio lake hufunikwa utando tangu kiwandani, utando ubanduliwe mbele ya mwenye nacho tu.

"Lakini utando tunaukuta haujabandikwa," Lustika alisema polepole. "Unabandikwa baada ya sisi."

"Baada ya ninyi? Kwa nini?"

Lustika alijua kwa nini. Mpaka mwanzoni mwa mwaka ule mashine iliubandika mapema, ila jasho la watu saba lilikuwa likiubandua. Kwa ajili ya mikono yao, sikio liliachwa wazi sekunde arobaini.

Wiki mbili baadaye alikuja Mhandisi Mwalongo kutoka makao makuu ya Sautika, Dodoma, mtu mpole, mwenye miwani na koti kubwa kupita mwili wake. Malalamiko yalikuwa yamejaa. Kulikuwa na mchungaji ambaye, katikati ya mahubiri, kisemeo chake kiliwaita waumini "mrembo wangu." Kulikuwa na mwalimu wa Geita aliyekuwa akimaliza kila somo kwa "usiwe mbea." Na kulikuwa na mzee mmoja, bubu tangu ajali, aliyetaka kumposa mjane jirani yake, akasikika akimwambia ajizime mwenyewe.

Mhandisi aliwakalisha wanawake wa mstari wa kumi na moja chumba kimoja. "Nauliza bila ubaya. Mkiwa kazini, huwa mnaongea?"

"Tunaongea na nani, baba?" Ezelina alijibu. "Sisi ni mikono. Sheria imeandika mikono saba, haikuandika midomo."

Wakacheka, na hata Mhandisi alitabasamu. Kisha akawaeleza, maana hakuwa mtu wa kuficha, kwamba kamati ya Bunge ilikuwa inaupima upya ushuru. Waagizaji wa vifaa vya ng'ambo walikuwa wanasema wananchi wanalipa bei maradufu kwa kitu kibovu. Kiwanda kilikuwa kimejibu kwamba ubovu umetoka kwenye vipande vya huko huko ng'ambo. "Ndiyo maana nimetumwa nitafute ukweli," alisema. "Ubovu umetoka wapi?"

Walipotoka, Ezelina aliwakusanya uani mwa kiwanda. Safari hii hakuwa anatania. "Akijua, tumekwisha. Mimi nina wajukuu watatu shuleni, na mashamba hayanihitaji. Sielewi mambo ya kamati. Ninachojua ni kwamba tuliongea na vitoto, na kuongea na vitoto si dhambi. Tunyamaze tu."

Lustika alinyamaza siku nne. Siku ya tano, saa sita mchana, wenzake wakiwa wanakula, aligonga mlango wa Mhandisi akaweka kisemeo cha mama yake mezani.

Mhandisi alikisikiliza. Alikisikiliza mara mbili. "Hii ni sauti yako."

"Ndiyo."

"Kaa, mwanangu." Alivua miwani. "Kabla hujasema, nikuambie itakavyokuwa. Ukisema, nitaandika. Nikiandika, kamati itasoma. Kiwanda chenyewe ndicho kitakachoomba mikono yenu iondolewe, na mikono hiyo ikiondoka, hakuna sababu ya ushuru. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Unataka nini?"

Lustika alitazama vidole vyake. "Nataka kingine. Kizima. Kabla ya mwisho wa mwaka."

"Humu hakuna kizima hata kimoja," Mhandisi alisema taratibu. "Vyote vimepita kwenu. Ila ikithibitika kosa ni la kiwanda, dhamana inanilazimu nikubadilishie. Nitaagiza cha ng'ambo, ushuru kilipe kiwanda."

"Bila dhamana huwezi?"

"Bila dhamana siwezi. Mimi nami nina wanaonihesabu."

Nje, mtu alicheka, na Lustika alijua ni nani. "Jina langu litaandikwa?"

"Halitaandikwa."

Akasema. Alisema yote, tangu kamwene ya kwanza mpaka "nimekungoja" yake, kwa sauti ndogo sana, na Mhandisi alilazimika kuinama juu ya meza ili asikie. Jioni, akimlisha mama yake uji, alimweleza naye pia. Miaka mitatu alikuwa amezoea kumwambia Yusta kila kitu, maana lililoingia kwake halikutoka. Alilia huku akieleza, na Yusta alimpangusa kwa mkono wa kushoto, akasema, "E, e, e," na Lustika hakuweza kujua ni "e" ipi.

Bunge lilifuta ushuru mwezi wa kumi. Ndani ya wiki tatu kisemeo kilirudi laki sita, kisha kikashuka mpaka tano na nusu. Kwenye vioo vya habari walionyesha foleni za Mwanza na Dar es Salaam, watu wakiwavalisha wazazi wao pale pale barabarani. Mwanaume mmoja mtu mzima alimsikia baba yake akimwita jina la utotoni, akaketi chini katikati ya lami akalia. Lustika alitazama mpaka mwisho. Ilikuwa furaha ya kweli, wala hakuna aliyeweza kuisema vibaya.

Makambako, wafanyakazi walikuja na lori kuchukua benchi. Jicho la Forodha lilifunguliwa mnyororo. Mikono ya chuma ilifungwa kwenye maboksi ikapelekwa bandarini, kwa sababu bila ushuru hakukuwa na maana ya kuunganisha vipande huku juu kwenye baridi. Wanawake mia mbili na kumi walirudi vibarazani.

"Aliyetuchongea ni yule msichana wa mstari wa tano," Ezelina alisema. "Yule mwenye meno ya dhahabu. Alikuwa akiingia ingia kwa Mhandisi. Mungu atamwona." Alikuwa amekuja kuaga. Alipata kazi ya kuosha vyombo Tunduma, mpakani. Wajukuu wawili angeenda nao. Yule mkubwa alishaacha shule kwenda kutafuta vibarua. Alimsuka Yusta kwa mara ya mwisho, mistari midogo midogo ili ikae muda mrefu, kisha akamkuta Lustika jikoni analia.

"Usilie, mwanangu," alimwambia akimkumbatia. "Mimi ndiye niliyekuingiza pale, nitakutafutia pengine. Wewe bado mdogo. Sisi wazee ndio tumepatikana."

Lustika akambebea mzigo mpaka kituoni.

Kifurushi kilifika mwezi wa kumi na moja, kimeletwa na ndege ya mizigo isiyo na rubani, utando ukiwa mahali pake. Lustika aliubandua mwenyewe. Hakupumua hata kidogo juu yake. Aliweka simu karibu, ugomvi wa mbegu ukaingia wote, na mama yake akakaa uani akiwa ameinua kidevu kama anayengoja kunyolewa.

Koo lilitikisika, kidogo sana. Taa ikawa ya bluu.

"Hizi mbegu zako zimeoza," Yusta alisema. Kisha akashika mdomo wake. Kisha akacheka, na kilikuwa kicheko chake, kile kikavu cha kituoni, majirani wawili wakachungulia juu ya uzio. "Lustika! Ni mimi! Ni mimi huyu! Nani kanipaka mafuta haya yananuka? Miaka mitatu nataka kuuliza!"

Lustika alipiga magoti mbele yake, akaficha uso mapajani mwake. Mama yake alisema bila kupumzika. Aliomba chumvi kwenye uji. Alimtaja marehemu mumewe. Alimsalimia jirani na kumkumbusha sufuria yake. Na baada ya hapo akasema, "Nipigie wifi yangu. Nataka wa kwanza kupigiwa simu awe Ezelina."

"Kesho, mama. Sasa hivi yuko kazini."

"Kesho nani anaijua? Lete simu."

Simu iliita mara mbili. Nyuma ya Ezelina masufuria yaligongana.

"Kamwene, wifi!" Yusta alipaza sauti.

Ezelina akapiga kelele ya furaha mpaka simu ikakwaruza. Alilia, akacheka, akawaita watu wa Tunduma waje wasikie. "Wifi yangu! Wifi yangu amefufuka! Umekipata wapi? Nani kakununulia? Na sisi wote tuko hivi, bila kazi!"

"Hakuna aliyenunua! Ni huyu mtoto wako," Yusta alisema, na sauti yake ilijaa majivuno, kubwa, safi, kila neno mahali pake. "Huyu mnayemwita bubu. Wifi, mwanangu ana moyo! Alikwenda mwenyewe kwa yule Mhandisi wenu—"

Lustika aliinua kichwa.

"—akamweleza mlivyokuwa mnavisemesha vile vitoto, wewe na wenzako, yote, mpaka ile kamwene yako. Wakamwambia basi, tutakupa kizima. Kwa ajili yangu, wifi! Wewe unasikia?"

Masufuria yalikuwa yamenyamaza upande wa pili.

"Wifi? Unanisikia?"

"Nakusikia," Ezelina alisema. "Endelea."

Lustika alinyoosha mkono mpaka shingoni mwa mama yake. Kitufe cha kuzima kilikuwa chini ya sikio la kushoto, na kidole chake kilikipata. Yusta alimtazama akatabasamu, akalaza shavu lake kwenye kiganja kile, akidhani anapapaswa, akaendelea kusema.